Mwaka wa Barua ya Mama Koku

Mwezi uliopita nilivuka daraja la Kigongo kwa mara ya kwanza. Nilikuwa kiti cha mbele kwenye gari la mwanafunzi wangu wa zamani, na kabla sijamaliza kumwonyesha mahali tulipokuwa tunasubiri kivuko tukila mahindi ya kuchoma, tukawa tumeshafika Busisi. Nilikuwa nakwenda Sengerema kwenye shukrani ya Mama Masanja, ambaye wanawe walimwandalia misa na chakula kwa kutimiza miaka sabini na sita. Nilimkuta uani, amekaa kwenye kiti cha plastiki, amevaa gauni la kitenge alilolishona mwenyewe, miguu imevimba kidogo lakini macho ni yale yale. Nilipopiga goti kumwamkia, aliniwekea kiganja juu ya kichwa changu chenye mvi, akasema kwa sauti iliyowafanya wapishi wageuke: "Fasti kala!" Kisha akacheka mpaka akashika ubavu, nami nikacheka mpaka miwani ikanidondoka, na watu waliotuzunguka wakabaki wanatutazama kama wagonjwa. Wajukuu wake waliniuliza maana yake ni nini. Niliwaahidi kuwaeleza baada ya kula, lakini baada ya kula zikaja hotuba, zikaja ngoma, zikaja picha, na nafasi sikuipata. Basi naeleza hapa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kule Nansio, na cheti changu hakikuwa cha kuonyesha wageni. Nilikuja Mwanza kwa meli na begi moja, nikapelekwa na mama mmoja wa kanisani kwa fundi cherehani wa Mabatini aliyekuwa anatafuta msichana wa kumsaidia. Huyo ndiye Mama Masanja. Wakati huo alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, mnene wa mabega, mwenye sindano zimechomekwa kifuani kama nishani. Kushona alikuwa anajua kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, lakini shule aliishia darasa la nne, na mji ulikuwa umeanza kumletea wateja wanaoandika. Aliniuliza swali moja tu. "Kiingeleza unakijua?" Ulimi wake wa Kisukuma haukuwa na nafasi ya r. Nikamjibu, "Nakijua, mama." Ukweli ni kwamba nilikijua kama unavyomjua mtu wa mtaa wa pili, mnasalimiana, mnapita. Lakini nilikuwa nimeshaona kitanda kilichotandikwa nyuma ya pazia, na sufuria jikoni inachemka, na sikutaka kurudi kwenye meli. Aliniamini palepale. Nimefundisha shule za sekondari karibu miaka thelathini, na kila mwanafunzi aliponiambia "nimeelewa, mwalimu" huku macho yanamkimbia, nilimjua, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza.

Chumba cha kazi kilikuwa cha mbele, mlango wake unafunguka moja kwa moja mtaani. Kulikuwa na vyerehani vitatu, meza ndefu ya kukatia, kioo kilichopasuka kona, na pasi ya mkaa iliyokuwa inatoa harufu ambayo hadi leo nikiisikia nahisi nina njaa. Njaa hiyo ina sababu. Saa nne Mama Masanja alikuwa anatoa michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, vimechemshwa na karanga, na tulikula kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa juu ya kitambaa kisichafuke. Mchana ulikuwa ugali na dagaa, Jumamosi sato. Mezani pa kukatia alikaa Mzee Rashidi, ambaye baba yake na babu yake walikuwa mafundi nguo hapohapo mjini. Alikuwa hashoni, anakata tu, na alivaa mashati ya maua makubwa mekundu na ya manjano, kila siku, hata kwenye msiba. Mimi kazi yangu ilikuwa kuweka vifungo, kupiga pasi, kuandika vipimo na kusikiliza. Hiyo ya mwisho sikutumwa. Lakini mtu aliyeinua mikono juu ili apimwe kifua huongea mambo ambayo akiwa ameishusha asingeyasema, na katika miezi ile ya kwanza nilijua nani anamtaka nani Mabatini nzima, nani anakonda kwa maradhi na nani anakonda kwa hasira.

Barua ilikuja mwezi wa tano. Aliyeileta alikuwa dereva, na aliyeiandika alikuwa Mama Koku, mama wa Kihaya aliyefanya kazi miaka mingi kwenye hoteli za Nairobi, akisimamia mashuka na vitambaa, na sasa alikuwa anafungua nyumba yake ya wageni ufukweni upande wa Kirumba. Alitaka vitambaa ishirini na vinne vya meza. Mwenyewe alikuwa amekwenda Bukoba kwa wiki tatu, na akirudi tu wageni wa kwanza wanaingia. Kwa fundi wa Mabatini, hiyo ilikuwa kazi ya kumjengea jina. Mama Masanja alinikabidhi karatasi kwa mikono miwili, Mzee Rashidi akaweka mkasi chini, na wateja wawili waliokuwa wanasubiri magauni yao wakasogea. Nikasoma kimoyomoyo. Pamba nyeupe niliielewa, pindo jekundu pembeni nikalielewa. Kisha pakaandikwa, "Fast colours only. I do not want cloth that runs."

Nilijua "fast" ni haraka. Nilijua "run" ni kukimbia. Nikaona mbele yangu mwanamke anayetaka rangi ya haraka na hapohapo hataki kitambaa kinachokimbia. Kwenye nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuwa anakaa mwalimu wa sekondari. Ningeweza kwenda na kurudi kabla chai haijapoa. Lakini watu wanne walikuwa wananitazama mdomoni, na mmoja wao alikuwa amenipa kitanda. Nikakohoa, nikasema, "Anasema rangi nyekundu iwe yoyote itakayopatikana haraka, lakini kazi yenyewe isiwe ya kukimbiakimbia."

"Mteja mwenye akili huyo," akasema Mzee Rashidi. "Wengi wanataka haraka na kukimbia vyote pamoja."

Siku ileile tukaenda duka la karibu. Pamba nyeupe ilikuwa nzuri. Nyekundu iliyokuwepo ilikuwa moja tu. Mama Masanja alilowesha kidole gumba kwa ulimi, akakisugua kwenye kitambaa, akakitazama. Kilikuwa chekundu. "Hii langi inashika kidole," akaniambia polepole. "Twende sokoni Makoloboi tukatafute nyingine." Nami, mtoto wa juzi, nikamwambia, "Mama, barua inasema upesi." Akanitazama, akatazama ile karatasi mkononi mwangu, akatoa pesa. Tukanunua.

Tulishona wiki mbili na nusu, na kazi ilipendeza mno. Pindo lilikaa kama limechorwa. Zimebaki siku nne Mama Koku arudi, Mama Masanja akasema hawezi kumpa mtu kitambaa kinachonuka duka, lazima vifuliwe kwanza. Alianza na sita. Mimi nilikuwa ndani napiga pasi niliposikia kimya uani, kile kimya cha mtu aliyekuwa anaimba akaacha katikati. Nikatoka. Karai lilikuwa limejaa maji mekundu kama ya machinjioni, na vile vitambaa sita, Mama Masanja alipoviinua kimoja kimoja, weupe ulikuwa umeondoka. Vilikuwa na mawimbi ya waridi, hapa yamekolea, hapa yamepauka, kama mtu amemwaga juisi akajaribu kufuta. Aliviweka kwenye kamba. Majirani wakaja kutazama. Mmoja akauliza kama ni mtindo mpya.

Mchana ule ugali uliwekwa mezani, na mkono wangu haukusogea. Nimekuwa nikijiuliza ningefanya nini kama Mama Masanja angenigombeza. Pengine ningejitetea. Lakini alinisogezea bakuli la dagaa, akasema, "Kula, mwanangu, utaumwa tumbo," na hapo ndipo iliponitoka.

"Mama, ile barua sikuielewa."

Mzee Rashidi akaacha kutafuna.

"Sehemu gani?" akauliza Mama Masanja.

"Ile ya rangi. Na ile ya kukimbia. Nilibahatisha."

"Kwa nini hukusema hujui?"

"Niliogopa utanirudisha Nansio."

Alinawa mikono taratibu, akaifuta kwenye khanga. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria begi langu liko wapi. "Kidole changu kilijua," akasema mwishowe. "Siku ile dukani kilinionyesha. Nikakinyamazisha kwa sababu ya kalatasi. Miaka ishilini nimeshika vitambaa, nikaogopa kalatasi. Kwa hiyo tuko wawili."

"Watatu," akasema Mzee Rashidi. "Mimi nilimsifu mteja."

Mama Masanja akataka kucheka, akajizuia. "Lakini akija, utamwambia wewe," akaniambia. "Mimi nitasimama nyuma yako. Mdomo utakuwa wako."

Mama Koku alikuja siku mbili kabla ya siku tuliyomtarajia. Mrefu, miwani inaning'inia shingoni kwa mnyororo, viatu vya kamba vinavyogonga sakafu. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa, akasema, "Haya, nionyesheni." Nikampa kimoja cha vile sita. Alikishika kwa ncha za vidole. Hakukunja uso wala hakupaza sauti, jambo ambalo lilinitisha zaidi. "Wageni wangu wanaingia Jumamosi," akasema tu. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, kuanzia swali la Mama Masanja la siku ya kwanza. Nyuma yangu nilisikia pumzi ya Mama Masanja, nzito, iko palepale kama alivyoahidi.

Alipoelewa, aliniomba barua yake. "Soma," akasema. Nikasoma. "Sasa niambie uliwaambia nini hawa." Nikarudia neno kwa neno: rangi yoyote itakayopatikana haraka, lakini kazi isiwe ya kukimbiakimbia. Mama Koku alivua miwani. Mabega yakaanza kutikisika. "Waitu!" akashangaa kwa Kihaya, na kilichofuata kilikuwa kicheko cha mtu aliyekaa miaka mingi kwenye ofisi za watu akijibana. Alicheka akilia, akapiga meza, akaomba maji, akayapata, akashindwa kuyanywa. Mzee Rashidi akafuata. Mama Masanja, ambaye alikuwa amebana kicheko chake siku mbili, akakiachia. Mimi peke yangu nilibaki nimesimama, nalia kweli, mpaka Mama Koku aliponivuta mkono akanikalisha kando yake. "Mwanangu," akasema, "siku yangu ya kwanza Nairobi niliambiwa nilete 'table linen'. Walitaka vitambaa vya meza. Nilibeba meza."

Kisha akavua saa, akakunja mikono ya blauzi, akaomba kiwembe. Alisema vile kumi na vinane ambavyo havijaingia maji vinaokolewa, tunafumua pindo tu. Alikwenda mwenyewe na Mama Masanja Makoroboi kutafuta nyekundu nyingine, na safari hii kidole gumba kilisikilizwa. Walilowesha kipande cheupe, wakakisugua juu ya kitambaa, kikabaki cheupe. Siku tatu tulikaa wanne kwenye chumba kile, mlango wazi, nyuzi nyekundu zimetujaa magotini kama manyoya ya kuku, tunafumua na kushona. Vile sita vilivyoharibika Mama Masanja alivichemsha pamoja na mabaki ya ile nyekundu mbaya mpaka vikawa vya waridi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na Mama Koku akaamua viwe vya meza za barazani. Nasikia wageni walikuwa wanagombea kukaa huko.

Ni katika siku hizo tatu ndipo nilipojifunza Kiingereza. Miaka minne darasani nilikuwa nimekariri neno na maana yake, neno na maana yake, kama mtu anayekusanya kokoto. Mama Koku, uzi mdomoni, alinifundisha kwamba neno hulitazami peke yake, unatazama linatembea na nani. "Fast ukiiweka na gari, ni mwendo," alisema. "Ukiiweka na rangi, ni rangi iliyoshika, imefungwa, haiondoki hapo ilipo. Na rangi inayochuja, wenyewe hawasemi inachuja. Wanasema inakimbia."

"Inakimbilia wapi?" akauliza Mama Masanja.

"Inakimbilia kwenye nyeupe yako."

Mama Masanja akalikubali hilo mara moja, kwa sababu alikuwa ameliona kwa macho, na tangu siku hiyo "fasti kala" ikawa salamu yake kwangu. Na hapo likatokea jambo ambalo sikulitegemea. Yeye, wa darasa la nne, akawa anashika kuliko mimi. Mimi nilikuwa naandika kwenye daftari, yeye alikuwa anaandika kwenye vidole. Mama Koku akisema kitambaa kilichofumwa kwa kubana ni "close weave" na kilicholegea ni "loose weave", Mama Masanja alivuta kipande kimoja, akavuta kingine, akavitaja vyote viwili, na hakuvisahau tena. Jora alilijua kuwa "roll". Pamba nzito akaijua kuwa "heavy", sawa na gunia. Alipoambiwa kwamba upande wa ndani wa kitambaa Waingereza wanauita "wrong side", alikasirika. "Upande wa kosa? Kitambaa kimekosa nini?" Lakini lililomfurahisha kuliko yote lilikuwa "loud". Mama Koku alieleza kwamba rangi zikizidi kuwaka, Waingereza wanasema zinapiga kelele. Mama Masanja alimgeukia Mzee Rashidi, akalitazama shati lake kuanzia kola hadi pindo, akasema, "Mzee, hebu punguza sauti." Mzee wa watu alicheka mpaka akakata kitambaa mahali pasipotakiwa.

Vitambaa vilifika Kirumba Ijumaa jioni, vimepigwa pasi, na Mama Koku hakutuacha tena. Kila Jumapili baada ya ibada alikuwa anakuja Mabatini na chupa ya kahawa na ndizi, anakaa kwenye kiti cha wateja, na masomo yanaendelea. Daftari langu lilijaa. Nilijifunza kwamba kwa Kiingereza nguo huvaliwa hadi ikawa nyembamba, kwamba uzi ukichomoka pembeni una neno lake na kitambaa kikisinyaa kina lake. Lakini nilijifunza pia kuinua mkono na kusema sijui. Mara ya kwanza nilisema kwa sauti ndogo, sikio limewaka moto. Mama Koku alijibu tu, "Vizuri, basi tuanzie hapo," na dunia haikuanguka. Mwisho wa mwaka yeye ndiye aliyenisukuma nikarudie mitihani, na mitihani hiyo ndiyo iliyonifikisha chuo cha ualimu. Amefariki zamani sasa, na sijawahi kuingia darasani bila kumkumbuka na kile kiwembe chake.

Ninachokipenda zaidi katika mwaka ule, hata hivyo, kilitokea mwezi wa kumi na moja. Mama Koku alituagiza mapazia ya nyumba nzima, tukaenda mjini kwa mfanyabiashara wa jumla aliyekuwa analeta majora kutoka Nairobi. Alikuwa kijana mtanashati, na mwenzake amekaa juu ya mzigo anakunywa soda. Alimwona Mama Masanja na kilemba chake na kandambili zake, akamwita mama, akamteremshia jora la buluu. "Mama, hiki hata ukikichemsha hakibadiliki," akasema kwa Kiswahili kitamu. Kisha akamgeukia mwenzake, akashusha sauti: "It will shrink, but what does she know?" Yaani kitasinyaa, lakini huyu atajua nini.

Nilisikia, nikaelewa, nikafungua mdomo. Sikupata nafasi.

"Shlink?" akasema Mama Masanja.

Soda ilisimama njiani kuelekea mdomoni. Mama Masanja alilifungua jora juu ya meza, akalipindua. "Long side," akasema, na mimi pekee nilijua anamaanisha upande wa ndani. Alichomoa uzi mmoja, ukatoka bila ubishi. "Loose," akasema. "Loose weave. No." Akanyoosha mkono kuelekea rafu ya juu kabisa. "That one. Heavy cotton. Bling." Kiingereza chake hakikuwa na viungo vyote, lakini hakuna aliyeuliza viko wapi. Kijana alipanda ngazi mwenyewe. Akalileta jora, akalifungua, akashikilia ncha huku Mama Masanja akilikagua kwa kidole chenye mate kuanzia mwanzo hadi mwisho, hana haraka, anavuta, anasugua, anatazama. Sikutafsiri hata neno moja. Nilisimama pembeni nimekumbatia mkoba wake, na nikajua nataka kufanya kazi gani maisha yangu yote. Nilitaka kuwa mtu aliyesimama pembeni namna ile.

Tulipokuwa tunatoka, majora kichwani, nilimsikia yule kijana akimwambia mwenzake, "That is one sharp woman." Mama Masanja naye alisikia. Hakugeuka, lakini tulipofika karibu na daraja la Mirongo akasimama.

"Amesema nini mwisho yule? Shapu nini?"

"Amesema wewe ni 'sharp', mama. Mkali."

Aligeuka mzimamzima, jora likageuka naye, watu wakainama kulikwepa. "Mkali kama kisu, au mkali kama mama mkwe?"

"Kama mkasi, mama. Unakata palepale panapotakiwa."

Akatafakari. Akalionja lile neno mdomoni mara mbili, tatu. Kisha akaanza kutembea, mgongo umenyooka, na kuanzia pale hadi Mabatini kila aliyemsabahi alijibiwa vizuri, akaulizwa habari za watoto, na kabla hajaruhusiwa kuondoka akaelezwa, atake asitake, kwamba amesimama na mwanamke shapu.